Hewa Iliyopotea Njia Ikafika kwenye Ini

Sogeeni karibu, wanangu, na ninyi mlio nyuma mje mbele msikie vizuri. Leo nawasimulia kisa cha hewa iliyopotea njia, ikatoka mahali pake na kuingia mahali ambapo haitakiwi kamwe kuonekana.

Kisa hiki kiliandikwa na madaktari mwaka 1955 huko Marekani. Wolfe na Evans walikuwa wakichunguza picha za eksirei za watoto wachanga waliokuwa mahututi. Katika picha ya eksirei mifupa hutoka nyeupe, viungo laini kama ini na wengu hutoka vya kijivu, na hewa hutoka nyeusi. Kwa hiyo chini ya mbavu za kulia daktari hutarajia kuona ini likiwa kivuli kimoja kikubwa cha kijivu, kisicho na doa. Kwenye maini ya watoto wale palikuwa na mistari myeusi, myembamba, inayogawanyika matawi, na kila tawi likigawanyika tena, mpaka karibu kabisa na ukingo wa ini. Nyeusi ni hewa. Na ile mistari ilifuata njia za mishipa ya damu. Watoto walipofariki, madaktari walilinganisha picha na hali waliyoikuta ndani ya miili yao, wakathibitisha kwamba hewa ilikuwa ndani ya vena ya potali.

Najua mnachotaka kuuliza. Hewa huingia kwa pua na kwenda mapafuni. Ini halipumui. Hewa imefikaje huko?

Ili tujibu, lazima kwanza tuijue hiyo vena ya potali. Vena nyingi za mwili zina kazi moja: kurudisha damu kwenye moyo. Vena ya potali haifanyi hivyo. Yenyewe hukusanya damu iliyotoka kwenye tumbo la chakula, utumbo mdogo, utumbo mpana, kongosho na wengu, ikaipeleka kwenye ini kabla haijaruhusiwa kwenda moyoni. Huanzia nyuma ya kongosho, mahali ambapo vena inayotoka wenguni hukutana na vena kubwa inayotoka utumboni, kisha hupanda mwendo wa sentimita nane hivi hadi mlangoni mwa ini. Ndani ya ini hujigawa matawi madogo na madogo zaidi, damu ikasambazwa kila kona. Karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hupitia njia hii, na robo iliyobaki huletwa na ateri.

Mwili una sababu nzuri ya kuizungusha damu hivyo. Damu inayotoka utumboni imebeba sehemu kubwa ya ulichokula: sukari ya ugali, protini ya samaki, dawa uliyomeza, na pengine sumu na bakteria waliopenya. Ini hupokea shehena yote hiyo, likahifadhi cha kuhifadhiwa, likavunja cha kuvunjwa, ndipo likaiachia damu iende zake. Kwa hiyo lolote linalotokea utumboni, ini hulipata la kwanza. Litieni akilini jambo hili, maana kisa chote kinasimama juu yake.

Sasa tuje kwenye hewa. Utumboni mwako, hata muda huu unaponisikiliza, kuna gesi. Nyingine umeimeza ukila na kuongea. Nyingine imetengenezwa na bakteria wa utumbo mpana, ambao wakila mabaki ya maharage na viazi hutoa haidrojeni, kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Sehemu yake hutoka kwa njia mnayoijua wote. Sehemu nyingine hupenya ukuta wa utumbo, ikaingia kwenye damu, ikapita kwenye ini, ikafika mapafuni, nasi tukaitoa kwa pumzi. Hospitalini kuna kipimo kinachotumia jambo hilo hilo: mgonjwa hunywa maji yenye aina fulani ya sukari, kisha hupuliza ndani ya chombo, na daktari akapima haidrojeni iliyomo kwenye pumzi yake.

Basi gesi hupita kwenye ini kila siku bila madhara. Fikirieni chupa ya soda ambayo haijafunguliwa: gesi imo tele lakini huoni kiputo hata kimoja, kwa sababu imeyeyuka ndani ya kinywaji. Damu huibeba gesi ya utumbo kwa namna hiyo. Shida huanza pale gesi inapoingia kwenye vena ikiwa viputo, wala haikuyeyuka.

Ni nini kinachoviruhusu viputo kuingia? Mara nyingi ni ukuta wa utumbo ulioharibika. Ukuta huo umetandikwa kwa ndani utando laini ambao chembe zake hufa na kubadilishwa na mpya kila baada ya siku chache. Kazi hiyo yahitaji damu nyingi na oksijeni nyingi. Ateri ya kuulisha utumbo ikiziba, utando huo ndio wa kwanza kufa, na hufa kwa saa, wala si kwa siku. Ukifa, mlango umebaki wazi. Gesi hujipenyeza ndani ya ukuta, ikaingia kwenye vena ndogo ndogo, na mkondo wa damu ukaisukuma moja kwa moja hadi kwenye ini.

Wakati mwingine utando una mikwaruzo midogo tu, lakini msukumo ndani ya utumbo umepanda mno. Utumbo ulioziba hujaa hewa ukavimba, na hewa ile hulazimisha njia. Hata daktari anapompima mgonjwa utumbo kwa mpira wenye kamera, hupuliza hewa kidogo ili aone vizuri, na kwa mtu mwenye vidonda vya utumbo mpana hewa hiyo imewahi kupita na kuonekana kwenye ini. Na mara nyingine bakteria wenyewe huingia ndani ya ukuta au kwenye jipu lililo tumboni, wakatengenezea gesi humo humo, karibu kabisa na mishipa. Kwa mgonjwa mmoja mambo haya yanaweza kukutana yote kwa pamoja.

Baada ya Wolfe na Evans, madaktari walianza kuitafuta ile mistari myeusi. Mwaka 1960 Susman na Senturia waliieleza kwa watu wazima. Kisha mwaka 1978 daktari Liebman na wenzake wakakusanya taarifa za wagonjwa 64. Robo tatu yao, yaani asilimia 75, walikuwa wamefariki. Zaidi ya theluthi mbili walikuwa na utumbo uliokufa. Kwa miaka mingi daktari akiiona hewa kwenye ini alijua mambo mawili: huyu apasuliwe upesi, na huenda hatapona. Siwalaumu madaktari wale. Picha za eksirei za kawaida huonyesha hewa ile ikiwa nyingi tu, na hewa huwa nyingi ugonjwa ukishakomaa. Waliwaona wagonjwa waliokwisha kuchelewa.

Kilichobadilisha kisa hiki kilianzia Afrika, na napenda mkijue. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924, akawa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 aliombwa kusaidia hospitali ya Groote Schuur katika kazi za mionzi. Pale aliona kwamba madaktari walipanga tiba ya mionzi kana kwamba mwili wa mtu ni kitu kimoja tangu ngozi hadi ngozi, ilhali mfupa, pafu na nyama havizuii mionzi kwa kiasi sawa. Akajiuliza: mionzi ikipitishwa kutoka pande nyingi, je, hesabu zinaweza kutuambia kilichomo ndani, mahali kwa mahali? Akazifanya hesabu hizo na kuzichapisha miaka ya 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyezijali. Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield, bila kuzijua hesabu za Cormack, alitengeneza mashine yenyewe, na mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza akapigwa picha katika hospitali moja ya London. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mashine hiyo ndiyo CT-Scan mnayoisikia leo.

CT-Scan hulikata tumbo kwa picha, vipande vyembamba vyembamba, na kiputo kidogo ambacho eksirei isingekiona huonekana waziwazi. Ndipo madaktari wakagundua kwamba hewa kwenye ini ilikuwepo hata kwa watu ambao hawakuwa wanakufa. Mwaka 2001 madaktari wa Japani, akiwemo Kinoshita, walipitia taarifa za wagonjwa 182. Waliofariki walikuwa asilimia 39. Waliokuwa na utumbo uliokufa walikuwa asilimia 43, na waliobaki walikuwa na sababu nyingine nyingi: utumbo uliovimba kwa hewa, majipu ya tumboni, vidonda vya tumbo, magonjwa ya utumbo yanayodumu, hata vipimo vya kamera.

Hapa kuwa makini, mwanangu, maana hata watu wazima huteleza. Kiwango cha vifo kiliposhuka kutoka asilimia 75 hadi 39, haina maana kwamba utumbo uliokufa umekuwa ugonjwa mwepesi. Katika taarifa zile zile za 2001, mwenye utumbo uliokufa bado alikuwa katika hatari kubwa sana ya kufa. Kilichobadilika ni kwamba mashine mpya iliwaonyesha madaktari pia wale wagonjwa ambao zamani walikuwa wakipona bila mtu kujua kwamba hewa iliwahi kupita kwenye maini yao. Mimi naamini hilo ndilo fundisho kubwa la kitabibu katika kisa hiki. Hewa kwenye ini ni mjumbe. Anayemtuma ndiye wa kutafutwa.

Na huyo mjumbe ana alama zake. Ndani ya ini kuna mirija mingine inayoweza kuingia hewa, nayo ni mirija ya nyongo. Mtu aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa mirija hiyo anaweza kuishi na hewa humo miaka mingi, mzima wa afya. Daktari anazitofautishaje? Kwa mwelekeo wa mkondo. Damu ya vena ya potali huingia mlangoni mwa ini na kutiririka kuelekea ukingoni, kwa hiyo viputo vyake husukumwa mpaka pembezoni kabisa. Nyongo hutiririka kinyume: huanzia pembezoni na kuja mlangoni, kwa hiyo hewa yake hukaa katikati. Mtaalamu wa mionzi huipima picha. Hewa ikifika chini ya sentimita mbili kutoka ukingo wa ini, huishuku vena ya potali. Tena huangalia zaidi upande wa kushoto wa ini, kwa sababu mgonjwa amelala chali, sehemu hiyo iko juu, na hewa hupanda juu.

Ultrasaundi nayo ina uzuri wake. Haihitaji mionzi, na inaonyesha kitu kikiwa kinatembea. Daktari akiiweka mashine juu ya tumbo huona vena ya potali ikiwa njia nyeusi, na ndani yake vinukta vyeupe vinavyong'aa vikikimbia na damu kuelekea ini. Akiwasha sauti ya mkondo wa damu, husikia mvumo wa damu ukikatizwa na milio mifupi mikali, kila kiputo kinapopita. Ndiyo, hewa iliyotoka nyeusi kwenye eksirei hutoka nyeupe kwenye ultrasaundi, kwa kuwa mawimbi ya sauti yakigonga hewa hurudi kwa nguvu.

Basi daktari ameiona hewa. Afanye nini? Haitoi. Hakuna sindano ya kuifyonza, wala haina haja: chanzo kikitibiwa, hewa hutoweka yenyewe, mara nyingine ndani ya siku moja au mbili. Anachofanya ni kurudi kwa mgonjwa. Tumbo lake ni gumu? Presha imeshuka? Damu imejaa asidi ya laktiki, ambayo ni alama ya nyama inayokosa oksijeni? Kwenye CT-Scan ukuta wa utumbo nao una hewa, na ateri yake imeziba? Majibu yakiwa ndiyo, hakuna kungoja, ni chumba cha upasuaji, sehemu iliyokufa ikatwe. Mgonjwa akiwa ametulia, anaongea, tumbo laini, vipimo vizuri, basi anaweza kulazwa, akapewa dawa na kuangaliwa kwa karibu bila kukatwa kisu. Picha ni ile ile, na uamuzi umekuwa tofauti kabisa.

Niwaeleze kidogo jinsi utumbo unavyokosa damu, maana hapo ndipo watu wanapopotea. Kuna mzee ambaye moyo wake hupiga bila mpangilio. Damu hutuama ndani ya moyo, ikaganda donge dogo, donge likachomoka na kusafiri hadi kwenye ateri ya utumbo, likaiziba. Mzee huyo hulia kwa maumivu makali ya ghafla, lakini ukimbonyeza tumbo, mwanzoni unalikuta laini, kana kwamba hana kitu. Anayemwangalia huweza kudhani anadeka. Hadeki. Maumivu makubwa kuliko dalili zinazoonekana ni alama ambayo kila daktari hufundishwa kuiogopa. Katika hospitali zetu za Afrika Mashariki, madaktari wa upasuaji wanaufahamu pia ugonjwa wa utumbo mpana kujisokota. Sehemu ya utumbo hujizungusha, njia ya choo ikaziba na mishipa ya damu ikanyongwa kwa wakati mmoja. Tumbo huvimba, mgonjwa hapati choo wala hatoi upepo.

Na wale watoto wachanga wa mwaka 1955? Ugonjwa wao ungali upo. Huwapata zaidi watoto njiti, hasa wanaozaliwa na uzito wa chini ya gramu 1,500, ambao matumbo yao hayajakomaa. Utumbo huvimba kwa uchungu na sehemu zake hufa. Tumbo hufura, maziwa hayashuki, choo huja na damu, na kwenye eksirei huonekana viputo ndani ya ukuta wa utumbo, kisha pengine kwenye ini. Siku hizi wengi hupona. Madaktari na wauguzi husimamisha maziwa, hupitisha mpira mwembamba tumboni kutoa hewa, hutoa dawa za kuua bakteria, na hurudia picha kila baada ya saa kadhaa. Upasuaji hufanywa utumbo ukitoboka au ukifa. Na kinachowakinga kuliko vyote ni maziwa ya mama. Mtoto njiti anayepewa maziwa ya mama hupata ugonjwa huu mara chache kuliko anayepewa maziwa ya kopo. Ndiyo maana muuguzi humhimiza mama akamue, hata kama ni matone, hata kama mtoto hajaweza kunyonya.

Kuna chanzo kingine cha hewa kwenye ini ambacho ninyi wanafunzi mnakigusa kwa mikono. Katika maabara ya biolojia hudondoshwa haidrojeni peroksaidi juu ya kipande cha ini la mnyama, na povu huchemka pale pale. Ini lina kimeng'enya kiitwacho katalesi, kinachoivunja dawa hiyo kuwa maji na oksijeni. Sasa, mtu akiinywa dawa hiyo, jambo lile lile hutokea ndani ya tumbo lake. Mililita moja ya ile hafifu ya kuoshea vidonda, ya asilimia 3, hutoa mililita 10 hivi za oksijeni. Mililita moja ya ile kali ya asilimia 35 hutoa zaidi ya mililita 100. Oksijeni hiyo hujaa, huingia kwenye vena ya potali, na viputo vikivuka kwenda kwenye ubongo vinaweza kuua. Watu wamewahi kuinywa kwa kuikuta ndani ya chupa ya maji. Kama nyumbani kwenu dawa yoyote imehamishiwa kwenye chupa ya kinywaji, itoeni humo leo.

Wapiga mbizi nao, kama wale wanaozamia majongoo bahari Zanzibar, wakipanda juu upesi kutoka kilindini hupata viputo vya nitrojeni kwenye damu, na viputo hivyo vimeonekana hata kwenye vena ya potali. Hao utumbo wao ni mzima. Tiba yao ni oksijeni ndani ya chumba maalumu chenye mgandamizo.

Nisiwaache na hofu bure. Tumbo kujaa gesi baada ya kula maharage si ugonjwa huu, na gesi hiyo haiendi kukaa kwenye ini. Lakini tumbo likiuma ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuujua, au likifura na kuwa gumu, au ukitapika rangi ya kijani, au ukaona damu kwenye choo, usimeze dawa ya gesi ukalala. Mwamshe mtu mzima usiku huo huo, mwende hospitali. Na bibi au babu akilia tumbo huku watu wakisema mbona tumbo lake laini, uwe wewe wa kusema: apelekwe sasa.